Goli Lililokua

Jiko la baba tulilibomoa baada ya arobaini. Kilichotoka kwanza ni harufu, hata nyasi za paa hatujamaliza kuzishusha: moshi wa miaka yote ile, usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa juu ya uchaga, na nyuma yake, kama mtu aliyejificha katikati ya wageni, harufu ya oili chafu. Niliweka panga chini nikakaa juu ya kinu. Kaka Otmari akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia hapana, ni vumbi. Haikuwa vumbi. Harufu ile naijua tangu nikiwa darasa la tatu, na maisha yangu yote nimeamini kwamba ndiyo harufu ya uchawi wa baba yangu.

Nitaeleza taratibu, maana jambo lenyewe ni la mpira na mimi mpira sikuucheza. Shule niliiacha darasa la nne. Lakini majina ninayo yote, na hakuna aliyenisimulia haya, isipokuwa yale ya ugenini.

Wenzangu mliokua wakati ule mnakumbuka ruksa ya biashara ilivyoingia. Jana yake tulikuwa tunapanga foleni kwa kipande cha sabuni, kesho yake dukani kwa Mzee Batazari kuna sabuni za kunukia, kuna betri, na mitumba imemwagwa juu ya turubai mtu anachagua apendacho. Kwetu kule ziwani, upande wa Lundo, kilichogeuza maisha ni nyavu. Baba alikuwa na wavu wa nyuzi alioushona mwenyewe, mfupi, viraka vitupu. Mwaka ule akapata wavu wa nailoni, wa kijani, mrefu na wenye kina kuliko wavu wowote wa mwambao wetu. Mama aliushika ncha kwa vidole viwili, kama anashika nguo ya bibi harusi.

Sasa, kwetu nyavu zilianikwa golini. Uwanja wa shule ulikuwa kwenye mchanga karibu na maji, na miti ya karibu ilishakatwa kwa kuni na mitumbwi, kwa hiyo yale magoli mawili ya miti ndiyo yaliyobaki ya kuanikia kitu kirefu. Asubuhi goli ni la wavuvi, jioni ni la wachezaji, na hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu Hamisi, mwalimu mkuu, mtu wa Tanga, alipohamia kwetu aliyapima magoli yale kwa futi ya utepe mbele ya watu, akayasimamisha upya, akatoa amri moja: nyavu anikeni, lakini goli lisiguswe. Goli ni sheria, alikuwa akisema.

Wavu wa zamani wa baba ulitosha pale. Mpya haukutosha. Ukianikwa, upindo wake wa chini unalala mchangani, na jua likichomoza umeshaokota miba, kuku wameutia kucha. Siku moja mbuzi wa Mama Rufina alinasa pembe, akauchana mpasuko wa kupita mtu. Baba alishona mpasuko ule siku mbili.

Ikaja Jumapili moja, ligi bado haijaanza. Mwalimu Hamisi alikuwa amepanda Mbinga kufuata mshahara, na kijiji kizima kilikuwa kanisani, ila baba aliyesema anaumwa kiuno. Katikati ya misa mama akanituma nyumbani kufuata kanga, maana mdogo wetu alikuwa amejikojolea. Nikakata njia kupitia uwanjani. Hapo nikamkuta baba, hana kiuno kinachouma wala nini, amepiga magoti kwenye goli la upande wa ziwani. Ameshafungua kamba za mti wa juu, ameng'oa nguzo. Kando yake kuna mawe bapa matatu na kopo, na ndani ya kopo kitu cheusi kizito. Alikuwa anakichovya kwa unyoya wa kuku na kukipaka mguuni mwa nguzo. Kengele ya mageuzo, ile ya katikati ya misa watu wanapopiga magoti, ikalia kanisani. Nikaisikia vizuri, na nikaona kwamba hakuinua hata kichwa.

Aliponiona hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniita nije nishike. Nikaiegemeza nguzo begani, akapanga mawe shimoni, tukaisimamisha juu yake, akashindilia udongo kwa mpini wa kasia. Mikono yangu ilitoka myeusi. Akanifuta kwa mchanga, kidole kwa kidole, polepole.

"Usimwambie mtu," akasema. "Hata mama yako. Mwalimu ndiyo kabisa."

Mtoto wa siku hizi angeuliza ni nini. Sisi hatukuuliza. Nilirudi kanisani na kanga mkononi, nikajumlisha mwenyewe: mtu anakimbia misa, anachimba, anafukia, anapaka cheusi kwa unyoya wa kuku, halafu anakufunga mdomo. Kijijini kwetu nani hakujua hilo linaitwaje?

Kaka yangu Otmari wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Asubuhi alivua na baba, jioni alicheza. Timu yetu iliitwa Mbasa, jina la samaki. Golini alikaa Gaudensi. Nyuma walikuwa Kasiani, Otto, Damasi na Burukadi mwenye ndevu. Katikati Melkiori, Filbeti na Simoni wa kwa Mama Rufina. Mbele Izidori, kaka Otmari, na Wenseslausi aliyekimbia mdomo wazi. Penalti zote na mipira yote ya adhabu ilikuwa ya Otmari. Hakuvaa kiatu. Alirudi hatua nne, si tano, akapiga kwa mguu wa kushoto, mpira ukapanda na kupenya chini kidogo tu ya mtambaa panya, yaani ule mti wa juu wa goli, mahali ambapo kipa asingefika hata angerushwa na watu wawili. Kila jioni, nyavu zikishaondolewa, alipiga mipira thelathini peke yake. Kipa hakumwangalia kabisa. Aliangalia ule mti. Alisema ndiye rafiki yake pale uwanjani, maana hasogei.

Mwaka ule mfanyabiashara mmoja wa malori alitoa kombe na jezi na ng'ombe dume, na timu itakayoshinda ingekwenda kucheza Songea mjini, mbele ya watu wa timu kubwa waliokuwa wanatafuta vijana. Otmari alitaka kitu kimoja duniani, kuonekana Songea. Alikuwa ameshamwambia mama ni shuka gani atakayoibeba.

Ligi haijatimiza hata wiki mbili, Gaudensi akaanza kulalamika kwamba goli limekua. Alikuwa kipa mrefu, amezoea kuruka na kugusa mtambaa panya kwa vidole; sasa akiruka anagusa hewa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Melkiori akamwambia kwamba goli halikui, ila wapo wanaume wanaofupika wakishaoa. Gaudensi alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Akanyamaza, na tangu siku hiyo hakulisema tena neno hilo mbele ya watu.

Nyumbani tulishinda mechi zote. Otmari alifunga katika kila mchezo, na makipa wa wenzetu walitoka uwanjani wakigeuka kuutazama ule mti, kama wamedondokewa na kitu kutoka juu yake. Mimi nilijua kwa nini. Nilikaa na wasichana wenzangu nyuma ya goli, wao wanashangilia, mimi naangalia mguu wa nguzo, pale udongo ulipokuwa mpya.

Kisha zikaja mechi za ugenini. Wasichana hatukusafiri, kwa hiyo haya aliyaleta Izidori. Kule Lituhi tulipata penalti. Hatua nne, mguu wa kushoto, mpira ukapita juu ya goli kama mkono mmoja hivi, ukaangukia kwenye mihogo ya watu. Kapaisha. Mechi iliyofuata, mipira miwili ya adhabu, yote kapaisha. Ya tatu, penalti nyingine, kapaisha tena, na mashabiki wa pale wakamwuliza kama anataka kuangusha kunguru. Tukirudi nyumbani, anafunga. Tukitoka, anapaisha. Na si juu sana. Kila mara ni palepale, juu kidogo tu, na hilo ndilo lililowaumiza watu, maana anayekosa ovyo tunamwita hajui. Anayekosa kwa kipimo tutamwitaje?

Mzee Bosko, mwenyekiti wa timu, ndiye aliyetamka kwanza. Alikuwa anakunywa togwa kwetu, tena mbele ya mama.

"Mguu haujui njia," alisema. "Mwenye mguu ndiye anayejua kwamba leo yuko ugenini."

Mama akainuka. Alichukua kata ya togwa, akaiosha kabla mzee hajamaliza.

Likaja na koti. Wiki ya kabla ya mechi ya mwisho Otmari alipanda milimani na madebe mawili ya usipa, kama tulivyofanya kila mwaka, maana watu wa juu wana kahawa na mahindi lakini samaki wanamlilia. Alirudi na koti la mtumba, la kahawia, lina vifungo vya ngozi. Alilibadilisha kwa debe moja la usipa. Mama alilihesabu debe hilo likitoka, na lilipokosekana kwenye hesabu alijua limekwenda wapi. Lakini koti lilitoka Mapera, na mechi ya mwisho ilikuwa Mapera. Haikupita siku, wimbo ukazaliwa kisimani, kwamba Otmari hapigi tena mpira, siku hizi linapiga koti. Damasi, beki wake mwenyewe, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, akaacha kumpa pasi mazoezini. Wanaume walipokuja kumsaidia baba kuvuta wavu walisalimia kwa adabu zote, kisha macho yao yakatembea mpaka mlangoni, kwenye msumari ule ambapo koti lilitundikwa.

Mimi ndani ya nyumba sikumshuku Otmari hata kidogo. Nilimshuku baba.

Na nilikuwa na ushahidi mwingine. Baba hakuwahi kwenda mpirani, hakujua hata kona ni nini. Lakini kila Otmari alipofunga mzigo wa kwenda ugenini, baba aliacha anachofanya, akamfuata, akamwambia maneno yaleyale.

"Ugenini piga chini, mwanangu."

Hakueleza zaidi. Otmari alikuwa akicheka na kuitikia ndiyo baba. Asubuhi ya safari ya Mapera hakucheka. Alikuwa amechoka na macho ya watu. Akamjibu kwa heshima, lakini akamjibu: "Baba, wewe unajua samaki. Mpira niachie mimi." Baba akarudi kwenye wavu wake, akawa anatafuta tundu mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Mimi, tangu safari za kwanza, katika maneno yale nilisikia mwiko. Nilijua dawa zote zina masharti, na nilijua, maana bibi yetu alisema hivyo mara nyingi, kwamba dawa ya nyumbani haivuki mto. Basi hesabu yangu ikakamilika. Baba alifukia kitu golini ili tushinde kwetu, na kile kitu kinajilipa kwa kuula mguu wa kaka yangu kila anapovuka mto. Baada ya mguu kitakula nini? Nililala na swali hilo wiki nzima kabla ya Mapera. Kumwambia mtu siwezi, nimekatazwa. Kunyamaza siwezi, ni kaka yangu.

Jana ya mechi, baada ya rozari, nilibaki kanisani. Nikachota maji ya baraka bakulini mlangoni kwa kichupa cha dawa ya kikohozi, nikaenda uwanjani kukiwa bado mchana mweupe, nikayamwaga mguuni mwa nguzo zote mbili za goli la ziwani huku nikisoma Salamu Maria tatu kwa kila nguzo. Nilikuwa kwenye ya mwisho nilipoona miguu ya mtu. Ni Gaudensi, jembe begani, anatoka shamba. Alinitazama mimi, akakitazama kichupa.

"Usilimwagilie, Skola," akasema. "Limeshakua vya kutosha."

Alitabasamu akapita. Nami nikatabasamu. Nilidhani yameishia hapo.

Siku ya pili yake, jua likielekea kuzama kwenye ziwa, wanawake tulisimama barabarani kusubiri lori. Lori la washindi husikika kutoka mbali, kwa nyimbo. Hili tulisikia injini yake tu. Waliteremka mmoja mmoja, na Otmari alikuwa wa mwisho, amevaa lile koti kwa sababu huko walikotoka kulikuwa na baridi na mvua, na hakuna aliyempa mkono kushuka. Tulihitaji sare tu tuchukue kombe. Tulikuwa nyuma bao moja, na dakika ya mwisho kabisa refa akatoa penalti. Izidori alisema Otmari aliuweka mpira, akautazama mtambaa panya muda mrefu, akarudi hatua nne. Ukaangukia kwenye mibuni. Alisema kwamba Otmari hakushika kichwa kama wanavyofanya wachezaji. Aliinama akautazama mguu wake, kama mtu anayetazama mnyama wake aliyemng'ata.

Kikao kilikaa Jumapili, darasani, baada ya misa. Wazee mbele, vijana kwenye madawati, wanawake madirishani. Koti liliwekwa juu ya meza ya mwalimu kana kwamba ndilo mshtakiwa. Mama alieleza habari ya debe la usipa, wakamsikiliza kwa heshima, na haikusaidia kitu. Mzee Bosko akasema yeye hamshitaki mtoto wa mtu, anauliza tu kama kuna aliyeona jambo. Ndipo Gaudensi akasimama. Gaudensi hakuwa mtu mbaya, sitaki mumfikirie hivyo. Alikuwa ameulizwa kama kuna aliyeona jambo, na yeye ameona.

"Mimi nilimwona mtoto wa Mzee Kosmas anamwaga maji golini," akasema. "Jana yake ya mechi."

Nikaitwa mbele. Nikasimama pembeni ya koti. Mzee Bosko aliinama mpaka nikasikia pumzi yake, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa nani aliyenituma. Ningeweza kusema hakuna. Ningesema hakuna, wangeuliza kwa nini basi, na hapo ningelazimika kuitaja ile Jumapili, lile kopo na ule unyoya. Nikamtazama baba. Alikuwa amekaa benchi la nyuma na kofia magotini, anatazama viganja vyake. Nilimtazama kwa muda ambao mtu anaweza kusoma Baba Yetu nzima. Hakuinua uso.

Nikaanza kulia. Mzee Bosko akauliza tena, safari hii si kwa upole.

"Mwacheni," Otmari akasema kutoka kwenye dawati lake. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Kufanya nini?"

"Hilo mnalolifikiria."

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walimtoa kwenye timu, hilo tulilitegemea. Lakini wavu hauvutwi na mtu mmoja, na kuanzia Jumatatu kila Otmari aliposhika kamba, wenzake waliiachia. Baba akabaki na wavu mpya na hana mikono ya kuuvuta mpaka mtoto wake aondoke ufukweni. Jumanne Otmari aliondoka. Alikwenda Mapera, kwa sababu ndipo pekee alipopata kazi, kulima kahawa ya mtu. Watu wakaguna: si tulisema? Akaoa kulekule, akajifunza kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mlimani, kama Mmatengo wa huko, na kwetu alishuka kwa misiba tu, siku moja, na kugeuza.

Mwaka uliofuata Mwalimu Hamisi alipata mabomba ya chuma, akapima, akasimamisha magoli mapya. Siku hiyohiyo, kabla ya saa sita, baba alikuwa ameshabeba nguzo zote nne za zamani begani, moja moja, akazifanya nguzo za jiko letu. Mtu aliyekuwa anaumwa kiuno. Gaudensi jioni yake aliruka akagusa mtambaa panya wa chuma kwa vidole, akawaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba goli limepungua. Melkiori akamwuliza kama mke amerudi kwao.

Na mimi nikakua na siri yangu. Nililelewa na baba niliyemwamini kuwa mchawi, mchawi mpole, aliyeninunulia daftari na kunitolea miba. Samaki aliyeniwekea kwenye sahani nilimpitishia mdogo wangu. Nilipoolewa sikuwahi kuwaacha wanangu walale kwake, nilipata sababu kila mara, leo kikohozi, kesho shule. Hakuuliza. Siku zake za mwisho nilimuuguza, na jioni moja alinishika mkono akaanza kunifuta vidole kwa kidole gumba chake, kimoja baada ya kingine, polepole. Nikauvuta mkono wangu. Hilo ndilo la mwisho nililomfanyia baba yangu akiwa na fahamu zake.

Basi siku ile ya jiko. Tulikuwa watu wazima watatu: mimi, kaka Otmari aliyeshuka kutoka Mapera na mguu unaomsumbua, na Gaudensi, jirani, kipa wa zamani. Nyasi zilipokwisha, ikaonekana kwamba baba alizisimamisha zile nguzo vichwa chini, miguu yake ya zamani iko juu, kwenye moshi, na ndiko ilikotoka ile harufu. Tukaing'oa ya kwanza, tukailaza. Otmari akasugua masizi kwa shada la nyasi, mtu anafanya tu kazi, hatafuti kitu. Halafu akasugua zaidi.

Mti una kumbukumbu ya udongo uliowahi kuushika. Kutoka ncha, oili ilikuwa imeingia nyeusi mpaka kwenye mstari, mstari ulionyooka kama umechorwa. Juu ya mstari huo mti ulikuwa umeparuzwa, umeliwaliwa na mchanga wa miaka mingi, mpaka kwenye mstari wa pili. Baada ya hapo ni laini. Gaudensi akapiga magoti, akagusa mstari mmoja, akagusa wa pili.

"Hii imefukiwa mara mbili," akasema. "Kwanza chini sana. Halafu ikainuliwa."

Otmari akalaza mkono wake wa kushoto juu ya mti, kiwiko kwenye mstari wa kwanza. Ncha ya kidole cha kati ikafika kwenye wa pili, haikupungua, haikuzidi. Akauacha mkono hapo.

"Nilisema goli limekua," Gaudensi akasema. "Mlinicheka."

Sasa ningeweza kusema, na nikasema. Nikawaeleza Jumapili ile, mawe bapa, kopo, unyoya, Usimwambie mtu. Nikaeleza na maji ya baraka. Nilisema nilidhani ni uchawi. Otmari alisikiliza bila kuondoa mkono.

"Ilikuwa mchwa," akasema. "Oili chafu ni ya mchwa, Skola. Na mawe ni ya kuinulia. Wavu ulikuwa unaburuza."

Ni maneno matatu tu, wavu ulikuwa unaburuza, na miaka yangu yote ikaanguka pale chini pamoja na nyasi. Kaka yangu alijifunza kupiga kwenye goli lililoinuliwa mkono mmoja. Kila jioni, mipira thelathini, anamtazama rafiki yake asiyesogea. Kila alipotoka kwetu, alikuwa anapiga kwenye goli la nyumbani.

Gaudensi akasugua nguzo nyingine tatu, zote zina mistari ileile. "Magoli yote mawili," alisema, kama anajisemea. "Angeinua moja, tungeona."

Nikauliza lile ambalo kila mmoja wetu alikuwa analizunguka, kama baba alijua. Otmari akauondoa mkono wake juu ya mti.

"Aliniambia nipige chini," akasema.

Basi alijua. Labda si siku ya kwanza, lakini kufika Mapera alijua, na kwenye lile darasa alijua, na neno moja lake lingemwachia mwanawe ufukwe wake. Yeye lingemchukulia wavu, labda, na ushindi wetu wote wa nyumbani, na jina lake mbele ya Mwalimu Hamisi. Nimejaribu kumwekea maneno mdomoni, hayakai. Anayeficha kitu hukichoma, na baba aliishi na nguzo zile juu ya moto wa kupikia zaidi ya miaka thelathini bila kuzikata kuni. Sijui kama zilikuwa toba au ni ubahili wa miti. Namshuku bado. Tofauti ni kwamba sasa namshuku kwa lile alilolifanya, na nilimhukumu kwa lile ambalo hakulifanya, na vidole vyangu nilivivuta.

Otmari akaomba msumeno. Akakata nguzo kwenye mstari wa kwanza, akakata kwenye wa pili, akapangusa vumbi, akakifunga kile kipande kwenye shuka yake ya safari. Gaudensi akamwuliza gogo la urefu huo atalifanyia nini huko milimani, kuni zimekwisha?

"Mke wangu alikubali kuolewa na mimi wakati watu wanasema niliwauza wenzangu kwao," akasema. "Hajaniuliza hata siku moja. Nataka nimjibu."